Mguu Usiosikia

Mama yangu aliijua miguu ya karibu kila mwanamke wa Salale. Hakuwa nesi wala mganga. Kazi yake ilikuwa kuwapaka hina maharusi. Arusi ikikaribia, mwari aliletwa kwetu, akakalishwa kwenye kiti, miguu ikatiwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na Mama akakaa chini mkekani na kuanza ile sehemu ya kazi ambayo wageni wa arusi hawaioni. Maua ya hina huja mwishoni. Kabla yake mguu wenyewe lazima utengenezwe.

Na miguu ya watu wa delta ya Rufiji ina mambo. Sisi tunaishi ndani ya tope: tope la mpunga, tope la mikoko, tope la ufukoni maji yakishatoka. Kinachokauka hupasuka, na kisichokauka huoza. Nilipokuwa msichana nilikuwa namimina na kubadilisha maji ya lile beseni, kwa hiyo niliyaona yote. Visigino vyenye magaga marefu, mengine yamechimbika mpaka kwenye nyama nyekundu. Ngozi katikati ya vidole iliyogeuka nyeupe na laini, inayobanduka kwa kuguswa tu na kutoa harufu ya fangasi. Kucha nene za njano zinazomeguka kama udongo mkavu. Mama hakumcheka mtu. Alisugua kwa jiwe, akasuuza, akakausha kila kidole peke yake kwa kipande cha kanga kuukuu, na huku akizungumza.

"Ukitoka shamba kausha hapa katikati, mwanangu. Maji yakilala hapa, ngozi haitakushukuru."

Yapo mambo ambayo hakuyagusa. Siku moja aliletewa binti ambaye ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeota kwa ndani, nyama imevimba pande zote mbili na kutoa usaha. Mama yake binti alimsihi aukate pale pale, maana arusi ilikuwa imeshafika. Mama akakataa. "Huu upelekeni zahanati. Mimi nikianza kuuchokoa, kwa mumewe ataingia amebebwa." Na yapo mengine ambayo hayakuwa na dawa, ni maumbile tu. Kulikuwa na ukoo mmoja pale kijijini ambao wanawake wake wote walikuwa na mfupa uliotokeza kando ya kidole gumba, na kidole chenyewe kimeinama kuelekea wenzake. Kulikuwa na nyayo bapa, zisizo na bonde katikati, ambazo alama zake kwenye mchanga mbichi zilikuwa pana kama za bata. Mama aliweza kupita njiani asubuhi akatazama chini na kusema nani amekwenda kisimani.

Miguu yake mwenyewe ilikuwa mizuri kuliko yote. Kila jioni aliosha, akapaka mafuta ya nazi, na kucha zake hazikukosa hina mwaka mzima. Wanawake walikuwa wakimwambia kwamba miguu ile haifanani na ya mtu anayelima mpunga. Aliifurahia sana ile sifa.

Mimi niliolewa Kibiti, na huko ndiko ninakoishi mpaka leo, nashona nguo kwenye kibaraza cha nyumba yetu, nyuma ya barabara kuu. Baba alishafariki. Mama alibaki Salale na mdogo wake, mama yangu mdogo, na kila msimu wa kuvuna mimi nilikwenda kuwasaidia: gari mpaka Nyamisati, kisha boti.

Mwaka ninaousema mto ulifurika. Maji yalishuka kutoka juu yakakaa mashambani wiki baada ya wiki, na watu wakawa wanatembea majini kutwa. Mpunga mwingi ulikufa. Maji yalipopungua, Mama akanipigia simu kwamba kipande cha upande wa juu kimepona, niende tukavune kabla nguruwe hawajakimaliza.

Nilimkuta shambani, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu wa kwetu hulala wakilinda mpunga. Alikuwa amekonda. Mabega yalitokeza kwenye gauni. Nikamwambia, "Mama, shikamoo, mbona umekwisha hivi?" Akaitikia marahaba na kusema ni kazi tu na jua. Kando yake palikuwa na dumu la maji, na tangu nilipofika mpaka tulipokaa kula sikumwona akiliacha. Alikunywa, akashuka kwenda kujisaidia, akapanda, akanywa tena.

Siku iliyofuata tulikuwa tunatoka shambani, yeye mbele, mimi nyuma na furushi kichwani. Nikaona mguu wake wa kushoto hauna ndala.

"Mama, ndala yako nyingine iko wapi?"

Alisimama, akatazama chini. Sijasahau namna alivyoutazama mguu ule. Aliutazama kama mtu aliyekuta mgeni amekaa kwenye kitanda chake. Halafu akacheka, na mimi nikacheka. Tulirudi nyuma kuitafuta, tukaenda, tukaenda, tukaikuta imenasa kwenye tope mbali kabisa, karibu na tulikoanzia. Njia ile ilikuwa imejaa vishina vya mpunga uliokatwa na maganda ya konokono. Kwenye unyayo wake palikuwa na mikwaruzo yenye damu.

"Haikuumi?"

"Miguu yangu imezoea," akasema.

Haikuwa kweli, na sote wawili tulijua. Miguu yake haikuwahi kuzoea kitu. Alikuwa mtu wa kulalamika akikanyaga hata kijiwe.

Nyumbani kijijini nikaona jambo jingine. Nyuma ya nyumba tuna bafu la makuti, na pale chini, mahali anapojisaidia haja ndogo, sisimizi walikuwa wamejaa. Nilimwaga maji wakaondoka, kesho yake wamerudi, msururu mrefu unaotoka chini ya ukuta. Mama mdogo alikuwa ameshawaona siku nyingi. Aliniambia kwa sauti ya chini, akiwa anapepeta mchele, kwamba sisimizi hawaji bure mahali, kuna kitu kimezikwa pale.

Tulirudi shambani kumalizia. Asubuhi moja niliamka kukiwa kumeshapambazuka, Mama bado amelala upande wake, kanga imempanda mpaka kwenye muundi. Kwenye mkeka, chini ya kisigino cha kushoto, palikuwa na damu iliyoganda. Nikainama. Kisigino kilikuwa kimeliwa. Sina neno jingine. Ile ngozi ngumu ya pembeni ilikuwa imeondolewa kidogo kidogo, kingo zake zina alama ndogo ndogo za meno, na katikati nyama imebaki wazi. Msimu wa mavuno panya hawakosi kwenye dungu, wanapanda nguzo kufuata mpunga. Lakini panya akikugusa unaamka. Huyu alikuwa amekaa, ametafuna, ameshiba, ameondoka, na mwenye mguu amelala.

Nilimwamsha. Aliketi, akauvuta mguu na kuutazama. Hakupiga kelele. Alikibonyeza kisigino kwa kidole, akabonyeza tena ndani ya jeraha lenyewe, akaniangalia usoni.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Mama, twende zahanati leo."

"Twende tukaseme nini? Kwamba mguu wangu umekufa ganzi, panya ameula, nami sikusikia? Unajua ugonjwa gani unafanya hivyo."

Nilijua alichokuwa anafikiria. Kwa watu wa Rufiji neno ukoma bado lina miguu, linatembea haraka kuliko boti. Wazee wetu waliwaona watu waliopotelewa na vidole, waliohamishwa wakajengewa mbali. Mwanamke anayeshika miguu ya maharusi akisingiziwa neno lile, hata likiwa la uongo, nani atamletea binti yake?

Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akasaga majani ya hina, akabandika. Akasema hina inakausha. Siku za mavuno zikaisha, watoto wangu walikuwa wananisubiri, nikarudi Kibiti. Kila nilipopiga simu alisema kimefunga, kimebaki kovu tu. Sauti yake ilikuwa ya uchangamfu kupita kiasi.

Kisha akapiga mama mdogo. Hakusalimia. "Njoo umchukue mama yako au njoo umzike," akasema. "Kakanyaga kitu."

Nilipofika Salale harufu nilikutana nayo mlangoni. Ilikuwa harufu tamu, nzito, ya kitu kilichoiva kupita kiasi. Mama alikuwa chumbani, dirisha limefungwa, mguu umefunikwa kwa kanga mbili. Alikuwa ameupaka hina mguu mzima, unyayo na juu mpaka kwenye kifundo, hina nyeusi, nzito, ya kuficha. Lakini hina haikuweza kuficha. Kisigino kilikuwa shimo. Kidole kidogo na jirani yake vilikuwa vyeusi kwa weusi usio wa hina, vimekauka na kusinyaa, na juu yake ngozi ya mguu imevimba na kung'aa.

Mama mdogo alinitoa uani akanieleza. Walikwenda kwa mganga, ng'ambo ya mlango wa mto. Mganga aliutazama mguu na kusema kuna mtu alitega dawa njiani, kwenye njia ya kisimani, na ilikuwa imetegewa mguu wa kushoto. Ndiyo maana sisimizi. Ndiyo maana ndala ilimtoka. Ndiyo maana panya, na yule hakuwa panya. Kila nilichokuwa nimekiona mwenyewe kilikuwa na mahali pake ndani ya maneno yale, na nakiri kwamba niliposimama pale uani mchana kweupe, niliogopa kuitazama njia ya kisimani.

Dawa ilikuwa majani ya aina fulani ya kuchemshwa, na mguu uwekwe kwenye mvuke na maji yake. Mama mdogo alikuwa ameshainjika sufuria. Aliyamimina yale maji kwenye beseni, akaongeza maji ya baridi kidogo, akatia vidole na kuvitoa haraka. "Bado," akasema. "Tungoje yapoe." Akatoka kufuata kata jikoni.

Mimi nilikuwa nafungua dirisha hewa iingie. Mama alikuwa ananiuliza habari za watoto, kama mdogo ameshaota meno, kama mvua imenyesha Kibiti. Nilimjibu nikiwa nimempa mgongo. Nilipogeuka alikuwa amekaa kitako ukingoni mwa kitanda, bado anaongea, na mguu wake wa kushoto uko ndani ya beseni mpaka juu ya kifundo. Mvuke ulikuwa unampanda magotini.

Nilikimbia nikatia mkono niutoe. Niliungua, nikapiga ukelele. Yeye alishtuka kwa ukelele wangu. Hakushtuka kwa kitu kingine.

"Una nini?" akaniuliza.

Nilipouinua mguu, ngozi ya juu ilibaki mkononi mwangu.

Mama mdogo alirudi na kata, akasimama mlangoni, akaona. Alikaa chini pale pale kizingitini akajifunika uso kwa upindo wa kanga. Kuhusu mganga hakuzungumza tena, siku ile wala baadaye.

Kesho yake asubuhi tulikuwa ufukoni tunangoja boti ya Nyamisati. Tuliufunga mguu kwa vitambaa safi, juu yake mfuko wa nailoni, juu yake soksi ya mume wangu niliyokuwa nayo kwenye begi. Wanaume wawili walimbeba Mama mpaka ndani. Boti ilikuwa imejaa, watu wameketi bega kwa bega na magunia ya kamba wakavu. Tulipokaa, watu wa jirani walisogea. Walisogea kidogo kidogo, kila mmoja akijifanya anatafuta mahali pa kuweka mzigo, mpaka pakawa na nafasi wazi kutuzunguka kwenye boti ambayo haikuwa na nafasi. Mmoja wao alikuwa dada mwenye mtoto mgongoni. Nilimkumbuka vizuri. Nilimmwagia maji mimi, akiwa mwari, na Mama alikesha akimchora. Alinitazama, akavuta buibui lake likafunika pua.

Mama alikuwa amemwona. Safari nzima alitazama mikoko inavyopita, mikono ameiweka juu ya goti, na kucha zake za mikononi bado zina hina.

Hospitalini Kibiti, daktari alikuwa kijana, mtaratibu, aliyemwita "mama" kwa adabu. Alifungua vitambaa mwenyewe. Alimchoma Mama kidoleni, akaweka tone la damu kwenye kimashine. Mashine haikutoa namba. Daktari akasema ikikaa hivyo maana yake kiasi kimepita uwezo wake wa kuhesabu. Akaagiza kipimo kingine, akachukua kipande cha pamba akaanza kumgusa Mama miguuni, akimwambia atazame ukutani na aseme akiguswa. Kwenye mguu wa kushoto Mama alikaa kimya muda wote.

Mwishowe akashindwa kuvumilia. "Baba, niambie. Ni ukoma?"

"Hapana, mama. Siyo ukoma. Una kisukari. Inaonekana unacho miaka mingi."

Mama alifumba macho. "Alhamdulillahi," akasema, na machozi yakamtoka. Alinigeukia akitabasamu, akanishika mkono. "Umesikia? Sukari tu. Ni sukari tu." Nilimtazama daktari nipate kutabasamu naye. Alikuwa ameinamisha kichwa anautazama ule mguu.

Alitueleza polepole. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaua mishipa ya fahamu, na inaanza na iliyo mbali kabisa, ya miguuni. Mguu unaacha kutoa habari. Ukikwaruzwa, ukichomwa, ukiungua, mwenyewe hana taarifa, na damu nayo haifiki vizuri, kwa hiyo jeraha dogo halifungi. Kidonda cha kisigino kilikuwa kimefika kwenye mfupa. Vidole vile viwili vilikuwa vimekwisha kufa. Uozo ulikuwa unapanda. Ukiachwa ungechukua mguu mzima na yeye mwenyewe. Mguu ulitakiwa kukatwa chini ya goti, haraka.

"Hapana," Mama akasema. Tabasamu lilikuwa halijamtoka vizuri usoni. "Mimi nitakufa na miguu yangu."

Alikataa kutwa nzima. Homa ilikuwa inapanda, ameanza kuchanganya maneno, anataja watu waliokwisha kufa. Nilimpigia simu kaka yake, mjomba wangu anayelima Chumbi, ambaye Mama anamheshimu kama baba. Alifika siku ya pili asubuhi akiwa na tope la shamba kwenye suruali, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Dada, wanasema unagoma."

"Kaka, nitasimamaje mbele ya Mungu? Nitakuwa nusu."

Mjomba aliutazama mguu uliofungwa. Siyo msemaji. "Mguu huu umeshakwenda," akasema mwishowe. "Umetangulia tu. Unaukataza nini wakati umeshakwenda? Utaukuta huko. Lakini wewe usiufuate leo."

Mama akageuza uso ukutani, akasema wafanye wanavyotaka.

Walipomaliza, muuguzi alitoka akatuuliza kwa upole kama ndugu wanauchukua au hospitali iushughulikie. Mjomba akasema tunauchukua. Alikuwa ameshamuuliza shehe: kiungo cha mtu aliye hai husitiriwa kwa kitambaa safi na kuzikwa, bila sala. Alipokea kile kifurushi kwa mikono miwili. Alikizika mchana ule pembeni mwa makaburi ya Kibiti, yeye na mume wangu tu. Mume wangu aliniambia kwamba walishindwa kujua shimo lichimbwe refu kiasi gani.

Mama alipona kidonda. Tulimleta nyumbani kwangu, tukampa chumba cha mbele. Nilijifunza kumchoma sindano ya dawa ya sukari. Nilidhani mabaya yameisha.

Alasiri moja nilikuwa kibarazani kwenye cherehani nikasikia analia. Niliingia mbio. Alikuwa amekaa kitandani, ameshika hewa mahali ambapo mguu ungekuwa.

"Kinauma," akasema. "Kisigino kinauma."

"Kisigino kipi, Mama?"

"Cha kushoto."

Mguu ule ambao haukusikia vishina vya mpunga, wala meno, wala maji ya moto, sasa ulikuwa unauma, nao uko udongoni. Uliuma kwa namna zote ambazo haukuuma zamani. Siku nyingine unachoma kama moto, siku nyingine anasema vidole vimepindana na hawezi kuvinyoosha, anapiga godoro kwa ngumi. Na siku moja, akiwa ametulia kabisa, chai mkononi, aliniambia: "Wanautafuna. Huko mlikouweka, kuna kitu kinautafuna."

Kliniki walituambia kwamba hutokea, kwamba kichwa bado kinautafuta mguu, wakampa vidonge vilivyopunguza kidogo. Lakini vidonge havikumwondolea lile wazo. Alinisumbua mpaka nikampigia tena mjomba. Alikuja, akaenda makaburini peke yake na jembe. Aliporudi akamwambia Mama kwamba hapajaguswa, ameongeza udongo na kupanga mawe na miiba juu yake. Mama akamshukuru. Siku zile chache akalala vizuri. Mjomba alipokuwa anavaa viatu kuondoka nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamuuliza kama kweli hapakuwa na kitu. Akasema, "Mwanangu, mbwa wa mjini wako wengi," akasimamisha bodaboda.

Sasa Mama amebaki na mguu wa kulia. Muuguzi wa kliniki, mwanamke mkali kidogo lakini mwenye moyo, alinifundisha kuutunza. Kila siku nauosha kwa maji niliyoyapima kwa kiwiko changu, nakausha katikati ya vidole, natazama unyayo wote kwenye mwanga. Kucha nazikata zikiwa zimenyooka, sichimbi pembeni. Sugu haikatwi kwa wembe. Magaga yanapakwa mafuta kabla hayajapasuka. Kiatu kinakung'utwa kabla ya kuvaliwa, maana punje ya mchanga inatosha. Ndani ya nyumba hatembei peku, hata hatua za kwenda chooni kwa magongo. Mimi na dada zangu walioolewa mbali nasi tulipimwa. Sukari yangu haikuwa imefika kwenye ugonjwa, ila muuguzi alisema imekaa karibu, akaniambia nirudi kila baada ya miezi michache.

Pamoja na hayo yote, ukucha wa kidole gumba umeanza kugeuka. Ulianza na doa la kahawia pembeni, sasa doa limefika katikati. Muuguzi alisema ni fangasi, ukaanza kupakwa dawa. Huenda ni fangasi.

Kila asubuhi namgusa kwa ncha ya uzi wa nailoni, kama nilivyoonyeshwa. Yeye hutazama dirishani. Namuuliza, hapa? Anajibu, nasikia. Kisigino, unyayo, kidole kwa kidole. Kwa muda mrefu majibu yake yalikuja vizuri, nami nikawa naifanya kazi hii huku nawaza nguo za watu.

Wiki iliyopita nilifika kwenye vidole, nikauinua uzi, na mtoto akaniita nje. Nikageuza kichwa kumjibu. Nilimwambia Mama, kwa mazoea tu, "Hapa?"

"Nasikia," akasema.

Mkono wangu ulikuwa bado juu, haujamgusa. Niliuliza tena, bila kumgusa. "Nasikia." Nikauliza kwenye unyayo, kwenye kisigino. Alijibu yote kwa sauti ile ile ya uchangamfu, macho dirishani, na vidole vyake vimelikamata shuka.

Nilimvalisha soksi, nikakikung'uta kiatu, nikamfunga kamba. Kisha nikatoka kibarazani nikampigia mjomba simu, nikamwomba aje Jumatatu tumpeleke kliniki pamoja, kwa sababu ukweli wa mguu ule Mama hatanipa mimi.

Kliniki walithibitisha. Ganzi imefika chini ya kifundo. Jeraha hakuna bado. Muuguzi alimkemea, Mama akainamisha kichwa kama mwanafunzi. Tangu siku ile nampima akiwa amefungwa macho kwa kitambaa, na simuulizi tena hapa au hapo. Namngoja aseme mwenyewe. Asubuhi ya leo nilimgusa unyayo mzima, kutoka kisigino mpaka vidoleni, na yeye alikaa na kitambaa usoni, ananingoja nianze.